Kupe wa Mwalimu Dalmas

Mwaka wa themanini na saba, Mwalimu Dalmas Ouma alikuwa akifundisha kwaya ya kanisa pale Kaloleni, mjini Kisumu, aliposikia gari likipita nje, akainua mkono kuwanyamazisha waimbaji. Waimbaji walidhani wamekosea. Safari hii hawakuwa wamekosea, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwalimu alisimama kichwa amekiinamisha upande, mkono ungali hewani, mpaka ile sauti ikapotelea upande wa stesheni. Kisha akashusha mkono, akasema, "Tuendelee," na kwaya ikaendelea kutoka mahali pasipofaa.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa muziki katika shule ya upili, mwembamba, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata siku za Jumamosi. Maisha yake yote alikuwa amesafiri kwa baiskeli na kwa basi. Yeye na mkewe Milka, aliyekuwa na cherehani na duka dogo la vitambaa Kibuye, walikuwa wameweka akiba miaka mingi, na mwaka huo walikubaliana kununua gari. Hawakuwa wamekubaliana kitu kingine chochote juu ya gari hilo. Milka alijua tu kwamba gari ni kitu chenye milango minne na mahali pa kuweka magunia.

Jumatatu Mwalimu alikwenda Manyatta kwa fundi aliyeitwa Waliaula. Waliaula alikuwa mtu wa Kimilili, mnene, mwenye sauti kubwa. Zamani aliwahi kusafiri na mafundi wa yale mashindano ya magari ya Pasaka, na tangu hapo alihesabu kazi nyingine zote kuwa mapumziko.

"Lilikuwa gari gani?" Waliaula akauliza.

"Sikuliona. Nililisikia."

"Lilisikikaje?"

Mwalimu akaimba. Alianza chini, akapanda, akakata palipokuwa na gea, akaanza tena juu kidogo. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri Datsun yao waligeuza nyuso kwa heshima, kama mtu anavyogeuka akikuta mgonjwa anavalishwa.

"Rudia pale katikati," Waliaula akasema, amefumba macho. "Ile kama kukwaruza."

Mwalimu akarudia.

"Hiyo ni Mwitaliano. Silinda nne, kamshafti mbili juu, kabureta mbili kando. Sailensa yake imetoboka, lakini ni Mwitaliano." Akafumbua macho. "Kisumu hii najua ziko mbili zinauzwa. Zote ni za milango miwili. Hiyo umesikia haikuwa yoyote katika hizo, maana moja haitoki kwa nyumba na nyingine haiwaki."

Ile isiyotoka nyumbani ilikuwa Fiat ya buluu, mali ya Gordon, wakala wa bima aliyekaa Milimani. Waliikuta uani inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Gordon aliwasha injini, na Mwalimu, aliyekuja amejiandaa kutoonyesha lolote usoni, alionyesha. Sauti ilikuwa safi, kila silinda mahali pake. Kisha akaombwa akae kiti cha nyuma ajionee nafasi. Akakaa, akakiri moyoni kwamba hata Milka asingekuwa na la kusema.

Waliaula hakukaa popote. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio, akaifunga kwa leso asikwaruze rangi, akaanza kuitembeza. Juu ya paa ilishika. Kwenye boneti ilishika. Kwenye mlango wa kushoto ilianguka. Akaiokota, akajaribu juu ya gurudumu la nyuma, ikaanguka. Akajaribu chini ya dirisha, ikaanguka.

"Hapa kuna nini?" akauliza.

"Rangi," Gordon akasema.

"Na chini ya rangi?"

"Sijawahi kuuliza." Gordon hakuwa mwongo, ila hakuwa na haraka pia. "Nilisikia mwenyewe wa kwanza aligonga ng'ombe huko Sondu. Pengine wawili."

Upande mzima wa kushoto ulikuwa pati, ile rojo ya kuzibia bati lililobonyea, iliyopakwa kwa ukarimu mkubwa. Waliaula alirudisha sumaku mfukoni, wakaaga, wakashukuru kwa soda.

Ile isiyowaka ilikuwa Alfa Romeo ya Bwana Kalsi, mzee wa Kisingasinga aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Aliinunua ikiwa mpya, siku ambazo, alivyosema mwenyewe, bado aliweza kuingia ndani yake. Sasa ilikaa bandani kati ya mbao za mvule, nyekundu iliyochoka ikawa rangi ya matofali, na kuku walikuwa wameizoea. Sumaku ya Waliaula ilishika mlangoni, ikashika ubavuni, ikashika kila mahali. Ilishindwa tu sakafuni upande wa dereva, kwa kuwa hapakuwa na sakafu. Mwalimu alichungulia pale, akakutana na jogoo akichungulia kutoka chini.

Bwana Kalsi alikuwa na maswali yake.

"Utaweka kereya juu ya paa?"

"Hapana."

"Utabeba samaki?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

Mwalimu aliwafikiria watu wa ukweni. "Si kwa hiari yangu," akasema.

Mzee akaridhika. Walileta betri nyingine, wakamwaga petroli kidogo kwenye kabureta, wakasukuma, na Alfa ikawaka katika moshi uliowatoa kuku wote nje. Sauti yake ilikuwa ugomvi mtupu. Mwalimu aliinama juu ya injini muda mrefu.

"Mbili za mbele zinaimba," akasema hatimaye. "Mbili za nyuma ziko chini yake, zimechelewa. Kama besi waliotoka kula."

"Kabureta hazipatani," Waliaula akasema. "Kuzipatanisha ni kazi ya asubuhi moja. Sakafu ndiyo kazi."

Walitoka wakasimama barabarani, mavumbi ya mbao mabegani. Waliaula alisema Fiat ilikuwa gari rahisi la kuishi nalo, ila Alfa ndiyo angeinunua yeye. Kisha akasema asisikilizwe, kwa sababu yeye alikuwa amewahi kuuza ng'ombe wa mahari kununua gearboksi.

"Ile ya Gordon inaimba vizuri," Mwalimu akasema, "lakini sijui ni nani anayeimba. Hii inaimba vibaya, lakini wote wapo."

"Isipokuwa sakafu."

"Isipokuwa sakafu," Mwalimu akakubali, akarudi ndani kwa Bwana Kalsi.

Gari lilipofika nyumbani Kaloleni, Milka alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Alilizunguka mara moja, polepole.

"Milango mingine iko wapi?"

"Hiyo ndiyo yote."

"Umenunua nusu?"

"Magari haya ndivyo yalivyo. Waitaliano huyaita kupe."

"Kupe?"

"Ndilo jina lake."

Milka alilizunguka tena, kama mtu anayempa mshtakiwa nafasi ya mwisho. "Basi tumenunua kupe," akasema, akarudi kwenye cherehani. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mwalimu amenunua Kupe, na jina likabaki.

Waliaula alikuwa na mipango. Alimjua mtu Nakuru mwenye kamshafti kali zaidi. Alitaka kuondoa sailensa, kupunguza uzito, na kufunga taa nne kubwa mbele. Mwalimu alisikiliza yote kwa adabu na kukataa yote. Yeye hakutaka mbio. Alitaka vitu viwili: sauti ipatane, na tumbo la gari lisiguse mawe.

"Mwalimu, hii gari ilitengenezwa ishinde watu," Waliaula akasema kwa uchungu.

"Imeshinda tayari. Sasa ifike tu."

Wakaanza na kabureta. Waliaula alizifungua, akaziosha, akabadilisha jeti, akazirudisha. Kisha akachukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni mwa Mwalimu, kwa maana kila mdomo huvuta hewa na mlio wake, na milio yote minne inatakiwa iwe mmoja. Waliaula akashika bisibisi.

"Hii?"

"Iko chini."

"Sasa?"

"Bado. Bado. Umepita. Rudi kidogo. Hapo."

Walifanya hivyo asubuhi nzima, wakihama kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka injini ikatulia kama watu waliomaliza kuelewana. Waliaula, ambaye kwa kawaida hakuacha kuongea, aliongea kwa kunong'ona. Aliporudisha nyuma kidogo taimingi ili isigonge kwa petroli ya kwetu, Mwalimu aligundua kwamba alikuwa ameshika mkono wa fundi bila kujua. Wote wawili wakajifanya hawakuona.

Kuinua tumbo kulikuwa rahisi zaidi. Mshona viatu vya akala wa soko la Jubilee aliwakatia vipande vinne vya tairi la lori, wakaviweka juu ya springi, na Kupe akapanda vidole vinne. Akawa anasimama kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini. Sakafu ilichomelewa bati nene, na chini ya injini likafungwa bamba la chuma la kuzuia mawe. Mwisho kabisa Waliaula akatoa glavu ya mpira, ile ya kufulia nguo, akaifunika distributa, inayogawia plagi umeme, nyaya zikatokea kwenye vidole.

"Hiyo ni ya nini?"

"Maji."

"Sina mpango wa kwenda majini."

"Hata sisi wa Pasaka hatukuwa na mpango," Waliaula akasema. "Ukifika kwa maji, gea ya kwanza, na usiinue mguu. Shika noti moja mpaka utoke upande ule. Ukiachia, sailensa inakunywa."

Mwalimu akaendesha Kupe mpaka Kisian na kurudi kwa mwendo wa baiskeli yenye haraka. Waliaula, aliyekuwa kando yake, alitazama nje ya dirisha njia nzima.

Mamake Milka aliitwa Perez, mjane, mkulima wa mtama na njugu huko Pap Onditi. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za akina mama, na hakuna aliyewahi kumwambia ameanza juu sana. Kati yake na Mwalimu kulikuwa na heshima kubwa, kwa jinsi Wajaluo wanavyoielewa heshima ya mkwe. Mama mkwe, ambaye wao humwita maro, hapewi mkono na mume wa binti yake. Hawakai karibu, hawali pamoja, wala mkwe halali bomani kwake. Tangu aoe, Mwalimu hakuwa amezungumza na Perez uso kwa uso hata mara moja. Salamu zilipitia kwa Milka, zikaenda na kurudi, na wote wawili waliona mpango huo unafanya kazi vizuri.

Aprili ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha kana kwamba ililipwa. Ijumaa moja kabla haijachacha, Mwalimu na Milka walikwenda Pap Onditi na Kupe. Milka alilala kwa mamake. Mwalimu, kama ilivyostahili, alilala kwa Nicodemus, nduguye marehemu baba mkwe, mzee wa kanisa aliyekaa boma la pili, ng'ambo ya ua, na aliyekuwa na msimamo juu ya kila jambo. Usiku kucha mvua ikapiga mabati.

Asubuhi Milka akaja mbio, kichwa wazi.

"Mama ameanguka. Tumbo. Kumbe lina siku kadhaa na amenyamaza."

Walimwita mhudumu wa zahanati. Alimbonyeza Perez upande wa kulia, akaona alivyokunja uso, akasema ni kidole tumbo, na kwamba lazima afike hospitali kubwa ya Kisumu leo. Gari la zahanati lilikuwa limekwenda Sondu. Matatu za barabara ya Katito zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mafuriko. Watu wote uani waligeuka wakamtazama Kupe, ambaye alikuwa amesimama juu ya vidole vyake katika tope.

"Haiwezekani," Nicodemus akasema. "Maro na mkwe, ndani ya kitu kile? Kile hata mtu na mkewe ni lazima waombane ruhusa."

"Basi unipe gari lingine, Baba," Milka akasema.

Nicodemus hakuwa nalo. Kutoka ndani ya nyumba Perez akasikika, sauti ndogo lakini iliyonyooka: "Mwambieni mwenye gari nitakufa hapa hapa kwa heshima."

"Anasema nini?" Mwalimu akauliza kutoka mbali.

"Anasema asante," Milka akajibu. Akaingia ndani. Hakuna aliyesikia walichozungumza, ila Milka alipotoka alikuwa amebeba leso mbili za kujitanda na pini. Alizifunga ndani ya gari, kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine, zikatenganisha viti vya mbele na cha nyuma kama pazia. Nicodemus alizikagua, akazivuta pembeni, akasema zinaweza kupita, kwa siku ya mvua.

Ikabaki kumwingiza mgonjwa. Katika gari la milango miwili, anayekaa nyuma huingia kwa kukunja kiti cha mbele na kupita pembeni amejikunja, na Perez alikuwa mama mwenye mwili. Mwalimu alipelekwa nyuma ya nyumba asione. Kutoka huko alisikia maelekezo ya Nicodemus, kilio kimoja, na kitu kikichanika. Alipoitwa, Perez alikuwa amelala nyuma ya leso, na kiti cha nyuma cha Mwitaliano kilikuwa kimejaa chote. Kioo cha kutazamia nyuma hakikuonyesha kitu isipokuwa maua mekundu ya kitambaa.

Mpaka Katito walikwenda kwa barabara ya udongo, wakiteleza. Lile bamba la chuma liligonga mawe mara kadhaa, na kila lilipogonga sauti ilitoka nyuma: "Mwambie mwenye gari hilo lilikuwa jiwe."

"Mama anasema lilikuwa jiwe," Milka akasema.

"Mwambie nimeliona."

"Anasema ameliona."

"Mwambie angeliona kabla."

Kabla ya kufika Ahero barabara iliingia majini. Mto Nyando ulikuwa umetoka, na mbele yao hapakuwa na kitu isipokuwa maji ya rangi ya chai yanayotembea, na kwa mbali, lami ikitokea tena. Lori moja lilikuwa limelala pembeni pua mtaroni. Abiria wa basi walikaa kwenye ukingo wakila mahindi.

"Mwalimu, hiyo itazama," mmoja akasema. "Ni fupi."

Mwalimu alishuka, akatazama maji yalivyowafikia watu waliokuwa wakivuka kwa miguu. Magotini. Tatizo halikuwa kina. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Nyuma ya leso Perez alikuwa ameacha kutoa maoni, na hilo lilimtisha kuliko mto.

"Nitatangulia," Milka akasema. Akavua viatu, akakunja sketi, akachukua fito kwa mmoja wa abiria, akaingia majini akipapasa ukingo wa lami. Alipofika mbali kidogo akageuka na kupunga mkono.

Mwalimu alitia gea ya kwanza. Akatafuta noti, akaipata karibu na fa, akaingia.

Maji yalifunguka mbele ya boneti. Kupe alivuta sawasawa. Lakini mvua ilirudi ghafla juu ya paa, kubwa, na Mwalimu, aliyekuwa ameishi miaka arobaini na saba kwa kutegemea masikio yake, hakusikia tena injini. Aliona tu mgongo wa Milka na fito.

"Huku nyuma kuna chungu kinachemka," sauti ikasema.

Haikusema na mtu. Milka alikuwa mbali. Ndani ya gari walikuwa watu wawili tu, na mmoja wao hakuruhusiwa kuongea na mwenziwe. Mwalimu alilifikiria jambo hilo, na alipokuwa akilifikiria, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake.

"Kinashuka," sauti ikasema. "Pandisha."

Perez alikuwa amelalia ubavu, sikio kwenye kiti, na chini ya kiti kile ndiko lilikopita bomba la sailensa. Alikuwa akisikia kila kitu.

Mwalimu akakanyaga.

"Tena. Tena kidogo. Hapo. Usitoke hapo."

"Ndiyo, Mama," Mwalimu akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu aoe. Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya mlango; bati jipya lilishikilia vizuri sana, hivyo yalibaki humo ndani. Mvua ikazidi. Kisha, nyuma ya leso, Perez akaanza kushika noti. Alifunga mdomo akaivuta puani, ndefu, imenyooka, kama anavyofanya kiongozi anayewasubiri wengine waingie. Ilikuwa fa. Mwalimu aliisikia juu ya mvua na juu ya kila kitu. Alilinganisha mguu wake na sauti ile, hakuinua, hakuongeza. Mara moja noti ilikatika, akasikia pumzi ya mtu anayeumwa sana. Aliibeba mwenyewe kwa mdomo mpaka Perez akaipokea tena. Walikwenda hivyo, mtu na maro wake, katikati ya Nyando, wakiimba noti moja.

Kupe akatoka majini akitema maji nyuma kama nyati. Milka akaingia, ametota mwili mzima.

"Mama anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Umejuaje?"

Mwalimu alitazama barabara. "Nimejua," akasema.

Hospitalini walimpasua Perez jioni ileile. Daktari alisema wangechelewa mpaka kesho yake angekuwa anazungumza nao habari nyingine. Mwalimu alikuwa amesimama nje kwenye veranda, kwa sababu wodi ilikuwa ndogo na heshima ni heshima. Aliposikia hayo aliomba radhi, akaenda nyuma ya jengo, akakaa juu ya jiwe na suruali yake iliyopigwa pasi, akalia. Kisha akarudi kuuliza maegesho yanaruhusiwa mpaka saa ngapi.

Waliaula alifungua oili kesho yake, ikatoka na maji, rangi ya chai ya maziwa. Kisha akavua ile glavu na kutia kidole ndani. Pakavu. Alimwonyesha Mwalimu kidole, akawaonyesha wateja, akavuka barabara akamwonyesha mwuza mandazi.

Nicodemus alifika hospitalini maji yalipopungua. Alikuwa amesikia kwa wale abiria wa basi kwamba Milka alivuka kwa miguu, kwa hiyo ndani ya gari walibaki wawili. Alikaa kando ya kitanda, akauliza kama palikuwa na mazungumzo yanayohitaji kutakaswa.

"Sikuzungumza na mkwe," Perez akasema. "Nilizungumza na gari."

"Na gari likajibu?"

"Lilisema ndiyo, Mama." Perez akajipanga kwenye mto. "Lina adabu sana lile gari. Nashangaa wewe hulipendi."

Nicodemus alitafakari, akaona hakuna desturi inayokataza mtu kuzungumza na chombo cha usafiri. Akasali, akaondoka.

Perez alipopona walimrudisha Pap Onditi, leso zikiwa mahali pake, barabara kavu na mpunga wa Ahero ukiwa kijani pande zote mbili. Alikataa kusaidiwa kushuka. Alitoka mwenyewe nyuma ya kiti kilichokunjwa, mguu mmoja, kisha kichwa, kisha mwili uliobaki, na ukweni wote ukashangilia. Kuku wawili wakachinjwa.

Mwalimu alikula kwa Nicodemus, kama ilivyostahili. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya ua akina mama walikuwa wamemzunguka Perez wakidai waambiwe. Perez akawaambia. Mto ulikuwa mkubwa kuliko Mwalimu alivyoukumbuka. Lile lori moja likawa matatu. Alieleza lini alilipandisha gari na lini alilituliza, lilivyotaka kukata tamaa katikati naye akalikatalia, na akawaimbia noti yenyewe, nao wakaipokea. Dereva hakutajwa mahali popote.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Noti ilikuwa fa, haikushuka hata kidogo. Akamsogezea Nicodemus sahani, akaomba aongezwe ugali.